Siyo kila kucha inayoharibika ina fangasi

Barua za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zimejaa kucha. Karibu zote zinasimulia mambo yaleyale: kucha zimechakaa, dawa ya fangasi imemezwa, hela imeisha na kucha ziko vilevile. Tumechagua sita. Majina tumeyaondoa, mahali tumepataja.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mama wa miaka 41, nabangua korosho hapa Newala. Kucha saba za mikononi zimejaa vishimo vidogovidogo. Mbili zimebanduka kuanzia ncha mpaka katikati, na chini yake kuna ungaunga mweupe. Duka la dawa waliniambia ni fangasi, nikameza vidonge wiki sita bila mabadiliko yoyote. Viwikoni nina mabaka makavu yenye magamba, ila hayo ni ya miaka mingi. Je, ni mafuta ya korosho yananila?

JIBU: Marahaba mama. Umefanya vizuri kutaja viwiko, maana hapo ndipo tulipopatia mwanzo. Mabaka ya magamba viwikoni, vishimo kwenye kucha nyingi na kucha kubanduka, vikikutana kwa mtu mmoja, kitu cha kwanza kufikiria ni soriasisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huwasha uvimbe ndani ya ngozi, na ngozi ikaanza kujitengeneza mbiombio: safari ya chembe ya ngozi ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi mzima, hapo huisha kwa siku chache. Ndiyo maana magamba yanarundikana. Watu wengi huku huiita pumu ya ngozi, jina ambalo hupewa pia ukurutu, na matibabu ya hayo mawili hayafanani.

Kucha nayo ni zao la ngozi. Mzizi wake umejificha chini ya ngozi, milimita chache nyuma ya pale unapoona kucha inaanzia. Uvimbe ukikaa kwenye mzizi, kucha huzaliwa ikiwa na kasoro tayari: vishimo, madoa meupe, kumomonyoka kama biskuti. Ukikaa kwenye nyama ya chini, kucha yenyewe inaweza kuwa nzima lakini ikaachana na nyama, unga ukajaa katikati, au ukaona doa la rangi ya njano inayoelekea wekundu, kama tone la mawese lililonaswa chini ya kioo. Wengine huona mistari myembamba ya damu iliyokauka, inayofuata urefu wa kucha. Wewe una dalili za sehemu zote mbili.

Jitazame hivi: washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa kidole ili mwanga upite juu ya kucha kwa mshazari. Vishimo vya soriasisi huonekana kama nta iliyochomwachomwa kwa ncha ya sindano, bila mpangilio. Kishimo kimoja au viwili kwa mtu mzima si hoja. Vikiwa vingi, tena kwenye kucha kadhaa, ni dalili nzito. Fangasi kwa kawaida haichimbi vishimo. Hupenda zaidi kucha za miguuni, huanza nchani au pembeni, hushika kucha moja mbili kabla ya nyingine, na mara nyingi kuna utando na mwasho katikati ya vidole vya miguu.

Hata hivyo macho hayatoshi, kwa sababu fangasi huweza kuhamia kwenye kucha iliyokwisha kubanduliwa na soriasisi, ukawa na vyote viwili. Kipimo chake si cha ajabu. Mtaalamu wa maabara hukata sehemu iliyobanduka, halafu hukwangua unga wa ndani kabisa, pale kucha mbovu inapokutana na nzima, huudondoshea potasiamu haidroksaidi ili magamba yayeyuke, kisha hutazama kwa hadubini. Jibu huweza kutoka siku hiyohiyo; kuotesha fangasi ndiko kunakochukua wiki kadhaa. Kosa linaloharibu kipimo hiki ni kukata ncha tu ya kucha: pale juu hata fangasi akiwepo mara nyingi ameshakufa. Kosa la pili ni kupima mtu akiwa katikati ya dawa. Mwambie mpimaji umemeza vidonge wiki sita na ulimaliza lini.

Kwa uchungu kabisa tunaomba wauzaji wa dawa wasitoe vidonge vya fangasi kwa kutazama kidole kupitia dirishani. Terbinafini, ambayo kipimo chake cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa mikono na 12 kwa miguu, ni dawa nzuri ya fangasi. Kwa baadhi ya wenye soriasisi, dawa hiyohiyo huamsha ugonjwa. Wapo wanaoamshiwa na dawa za presha kama propranololi na atenololi, na wengine na klorokwini. Ukiwa unatumia dawa ya presha usiiache kwa kusoma hapa. Mtajie daktari abadilishe yeye.

Sasa korosho. Mafuta ya ganda ni makali, huunguza na kubabua ngozi ya vidole vinavyoshika korosho, ikawa nyeusi na kuchunika. Hayaleti soriasisi. Ila mwenye soriasisi akijeruhiwa ngozi, ugonjwa huweza kuchipua palepale penye jeraha. Daktari wa Kijerumani Heinrich Köbner alilieleza jambo hilo tangu karne ya 19. Kwa hiyo kila unapoungua unaualika ugonjwa kwenye kidole hicho. Vaa glavu nyembamba za pamba ndani, juu yake glavu nene za kazi zisizopitisha mafuta. Zile nyepesi za hospitali hutoboka upesi, na mafuta yakishaingia ndani yanakaa yamebanwa na ngozi muda wote, hali inakuwa mbaya kuliko kutovaa. Majivu ambayo wengi hujipaka hupunguza mafuta kushika, lakini yana ukali wa magadi na hukausha ngozi, basi yasiwe kinga yako pekee. Ukimaliza kazi, jipake mafuta ya kupikia kwanza, yafute kwa kitambaa, ndipo unawe kwa sabuni ya kawaida. Usitumie mafuta ya taa.

Matibabu. Dawa inayoanza mara nyingi ni klobetasoli asilimia 0.05 ya mafuta (siyo krimu), au mchanganyiko wa kalsipotrioli na betamethasoni pale unapopatikana. Wengi huipaka juu ya kucha, ambako haifiki popote. Ipake kwenye ngozi iliyo nyuma ya kucha, juu ya mzizi, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kidole, usiku mara moja, usugue taratibu dakika mbili. Zile mbili zilizobanduka, kata kwanza sehemu iliyo hewani mpaka karibu na inaposhikana, kisha gusisha dawa kwenye nyama iliyo wazi. Mtaalamu atakupangia muda. Mpango wa kawaida ni kila usiku kwa wiki chache, kisha siku mbili tu za wiki, na kuonwa tena. Ukiipaka kila siku miezi mfululizo bila kuonwa, ngozi ya kidole hukonda ikang'aa kama karatasi ya nailoni. Na tafadhali, tyubu hiyo isiende usoni. Klobetasoli ndiyo inayofichwa kwenye krimu nyingi za kujichubua, na tyubu moja nyumbani huwa na watumiaji wengi kuliko mgonjwa anavyojua.

Kucha ya mkononi hukua kama milimita 3 kwa mwezi, ya mguuni kama 1. Kwa hiyo kucha mpya ya mkono inahitaji miezi 6, ya mguu mwaka hadi mwaka na nusu. Wengi huacha dawa wiki ya tano wakisema haifai, wakati kucha inayozaliwa chini ya ngozi imeanza kupona na bado haijatoka. Piga picha kila tarehe mosi, kidole kikiwa kimelala kando ya rula ya mtoto wa shule, mahali pamoja penye mwanga uleule. Kinachotafutwa ni ukanda laini unaosogea kutoka mwanzo wa kucha kwenda nchani.

Anzia hospitali ya wilaya uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Kwa Mtwara ulizia Ligula, Ndanda au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kwa walioko Lindi, Sokoine au Nyangao. Piga simu au tuma mtu aulize siku ya kliniki kabla hujalipa nauli.

SWALI: Asalaam aleykum. Nina soriasisi ya kucha, nimepimwa. Baada ya Idi kuna harusi ya mdogo wangu hapa Lindi mjini. Naweza kupaka hina na piko? Na kucha za kubandika je?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Hina ya majani ya kusaga, iliyokorogwa kwa maji au ndimu, paka. Haidhuru kucha, huficha madoa, na haizuii maji ya udhu kama rangi ya chupa inavyozuia. Omba tu mpakaji asichokonoe wala kurudisha nyuma ile ngozi laini ya mwanzo wa kucha. Hiyo ndiyo kifuniko cha mzizi, na ikichanika umekaribisha ugonjwa na usaha. Kama una miadi ya kliniki karibuni, tangulia kliniki kwanza, maana rangi ya hina hufunika yote anayotaka kuyaona daktari na itakaa miezi mpaka kucha ikue.

Piko iache. Weusi wake wa haraka hutokana na kemikali ya rangi ya nywele ambayo huweza kuwasha mzio mkali, malengelenge na makovu ya mchoro wote. Ngozi yenye soriasisi ikipata jeraha la aina hiyo huweza kujaza mabaka mapya kufuata maua yaleyale uliyochorwa.

Kucha za kubandika hatukushauri. Kucha yako imeshika nyama kwa sehemu tu, na ya bandia huongeza urefu: ukigonga mlango au ukikuna nazi, ile bandia inafanya kazi ya mtaimbo na kuibandua iliyobaki. Kuitoa ni kubaya zaidi, kwa sababu hukwanguliwa au hulowekwa kwenye asetoni muda mrefu. Ukitaka rangi kwa siku hiyo, rangi ya kawaida ya chupa, tabaka mbili, na uifute ndani ya siku tatu nne kwa pamba, ukimalizia kwa mafuta ya nazi.

SWALI: Nina soriasisi. Mkwe wangu hapa Kilwa anasema kucha zangu ni ukoma, na ameagiza nitengewe sahani. Je, ninaambukiza?

JIBU: Huambukizi mtu. Soriasisi haihami kwa sahani, kitanda, beseni, kunyonyesha wala tendo la ndoa, na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilitamka hivyo rasmi mwaka 2014. Ukoma ni ugonjwa mwingine: baka lake mara nyingi limefifia rangi na limekufa ganzi, ukiligusa kwa ncha ya pamba hutahisi chochote. Lako likiwa linahisi vizuri na lina magamba meupe mazito, huko siko. Na hata ungekuwa ukoma, dawa zake hutolewa bure na humaliza maambukizi mapema, hakuna wa kutengewa sahani. Nenda kituoni pamoja na mkwe wako, asikie mwenyewe kwa mhudumu. Kitu kimoja tu usichangie na yeyote: kikatia kucha. Hicho hubeba fangasi na damu za watu, mgonjwa na mzima sawa.

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 36, fundi seremala Masasi. Kucha zangu zina vishimo kwa miaka minne, nilizoea. Mwezi wa pili sasa kidole cha kati cha kulia kimevimba chote, kuanzia shina hadi ncha, na asubuhi siwezi kushika randa mpaka saa nzima ipite. Nimechoma sindano za maumivu mara tatu. Rafiki yangu mwenye soriasisi anatumia vidonge vya methotreksati, anasema anigawie.

JIBU: Kaka, barua yako ndiyo ya haraka kuliko zote. Usigawiwe kidonge, na usisubiri mwezi wa tatu kwenda hospitali. Kidole kuvimba chote kama soseji, pamoja na ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa na kulegea kadiri unavyofanya kazi, ni picha ya soriasisi iliyoingia kwenye viungo. Maumivu ya kuchoka kwa kazi hufuata njia ya kinyume: asubuhi hayapo, jioni yanazidi.

Kuna sababu ya kucha na viungo kwenda pamoja. Ule mshipa mgumu unaonyoosha kidole hushikana na mfupa wa mwisho karibu kabisa na mzizi wa kucha, na nyuzi zake huufikia. Uvimbe wa upande mmoja ni jirani wa upande wa pili. Ndiyo maana wenye soriasisi ya viungo wengi sana wana kucha mbovu, na ndiyo maana mwenye vishimo anatakiwa kuulizwa kuhusu viungo kila aonwapo: kidole, kiungo cha mwisho karibu na kucha, kisigino asubuhi anaposhuka kitandani, na kiuno cha usiku wa manane. Kuchelewa hata miezi sita huweza kuacha mfupa umelika, na mfupa ulioliwa haurudi.

Sindano za maumivu zimekuzimia kengele tu. Vilevile mkatalie anayetaka kukupa prednisoloni ya vidonge kwa wiki mbili tatu: utaona nafuu ya ajabu, na ukiiacha ghafla soriasisi huweza kulipuka mwili mzima, wakati mwingine kwa usaha.

Methotreksati huenda ikawa dawa yako kweli, lakini ina masharti ambayo rafiki yako hawezi kukupimia. Kabla ya kuanza hupimwa picha ya damu, ini, figo, homa ya ini B na C, na VVU, kwa sababu soriasisi inayokuja kwa kasi wakati mwingine hutangulia kuashiria VVU. Humezwa SIKU MOJA TU KWA WIKI. Vidonge vingi ni vya miligramu 2.5, mtu aliyeandikiwa 10 humeza vinne siku hiyo moja, basi, mpaka wiki ijayo. Wapo waliomeza kila siku kwa kutoelewa karatasi, wakatoka vidonda mdomoni, damu ikaishiwa chembe, na wengine wakapoteza maisha. Mwambie mfamasia aandike jina la siku kwenye pakiti kwa herufi kubwa, mfano JUMATATU. Asidi ya foliki huandikwa siku nyingine, kupunguza madhara. Pombe weka kando kabisa: uraka wa mabibo, gongo, bia, vyote vinakutana na dawa hii kwenye ini. Usichanganye na Septrin wala vidonge vya SP vya malaria. Zote hukata foliki, na pamoja na methotreksati huweza kuangusha uboho. Mke wako asiitumie akiwa na mimba au akiitafuta, na wewe mwenyewe mweleze daktari kama mna mpango wa mtoto.

Kazi unaweza kuendelea nayo. Funga mpini wa randa kwa mpira wa baiskeli uliokatwa ili unene, kidole kisikunjwe sana, na ukate mpingo ukiwa na barakoa na mikono mirefu, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi za watu wengi.

SWALI: Mwanangu wa miaka 8, Nachingwea. Kucha zote ishirini zimekuwa na mikwaruzo ya urefu, kavu kama zimepigwa msasa. Hana maumivu.

JIBU: Mama, hali hii kwa watoto mara nyingi hupungua yenyewe kwa miaka, na matibabu makali hayana faida. Apelekwe mara moja atazamwe kichwani kama kuna duara zisizo na nywele, mdomoni kama kuna nyuzi nyeupe ndani ya shavu, na viwikoni. Kitu cha kukukimbiza ni kucha inayokonda na kupasuka katikati huku ngozi ya nyuma ikitambaa kuigawa vipande viwili. Huo ni ugonjwa mwingine, hula mzizi wenyewe, na kovu lake ni la kudumu. Kwa sasa kata fupi, paka mafuta ya mgando usiku.

SWALI: Mimi ni mkulima wa mwani, Mtwara. Wazee wanasema maji ya bahari na jua hutibu soriasisi. Mabaka ya miguuni kweli yamepungua, lakini kucha zinazidi kubanduka na moja imekuwa ya kijani. Nifanyeje?

JIBU: Wazee wamesema kweli kwa ngozi. Jua lina mionzi inayotuliza soriasisi, na kuna matibabu ya hospitali yanayotumia mionzi ya aina hiyo kwa vipimo. Kucha yenyewe ni ngao, mionzi hiyo haipenyi hadi kwenye nyama. Maji nayo hufanya kinyume cha unachotaka: kucha iliyolowa saa tatu nne huvimba, ikikauka hunywea, na huko kuvimba na kunywea kila bamvu, maji yanapokupwa sana, ndiko kunakoibandua. Kamba za mwani unapozifunga zinasukuma mchanga kwenye uwazi ulio chini ya kucha iliyobanduka.

Kijani ni bakteria wanaopenda unyevunyevu, wala si fangasi. Kata sehemu yote iliyobanduka kwa kikatia kucha kikali, kidogokidogo, ukisimama unapohisi kuvutwa. Usiingize kijiti wala ncha ya kisu kukwangua ndani. Chovya kidole kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha siki kwa vinne vya maji, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha kausha kwa kitambaa safi mpaka kwenye pembe za kucha. Rangi ya kijani iliyokwisha kuingia kwenye kucha haitoki, itasogea na kukatwa kadiri kucha inavyokua. Kidole kikiwa chekundu, kinapwita na kina usaha, hapo siki haitoshi, nenda kituoni siku hiyohiyo. Mwenye kisukari aende hata kabla ya usaha.

Shambani vaa glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo, zikiwa na za pamba ndani, na viatu vya kuingilia majini. Beba jozi mbili za pamba kwa kila bamvu: ya kwanza ikilowa, toka, jikaushe, badilisha.